Dungu la Kati

Mwaka ule mto ulipofurika nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya msingi karibu na Kulesa, na nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba nivuliwe ukuu. Niliibeba kwenye mfuko wa shati kwa wiki mbili, kila siku nikisema kesho nitaipeleka ofisi ya elimu, Garsen. Jasho lilikuwa limeanza kuifuta saini.

Maji yalipopungua, madarasa yalibaki na matope ya kufika magotini. Tuliyazoa. Lakini choo cha wasichana kilikuwa kimedidimia chote, na wasichana wakubwa wakaanza kubaki nyumbani, mmoja mmoja. Niliandika kwa wakubwa mara tatu. Mwalimu mmoja alilia ofisini kwangu asubuhi, mwingine akalia mchana, nami nikawapigapiga bega na kuwaambia mambo yatakuwa sawa. Hakuna aliyeniuliza mimi kama nimekula. Siku hizi nalisema hilo bila aibu. Wakati ule ningekataa katakata. Nilikuwa mtu wa shati la pasi hata ndani ya matope, na niliamini mkuu akionekana amechoka, shule imekwisha.

Aliyeniona ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa. Hapo ndipo ndege hushuka kwa makundi, wakafyonza mashuke mpaka yakabaki makapi. Asubuhi na jioni lazima mtu apande dungu, kile kichanja cha miti kinachoinuliwa juu ya mpunga, apige kelele na kurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Huko ndiko kuamia ndege. Shangazi alinijia shuleni watoto walipokuwa wakitoka, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Njoo uniamie," akasema. "Mimi sauti imekwisha."

Maneno hayo yalisikika mpaka darasa la mwisho.

Nilikwenda nikinuna. Shangazi alikuwa na madungu mawili: moja pembeni, kwenye kivuli cha migomba, na moja katikati ya bonde, ambako jua halina huruma. Mimi akanipandisha la kati. Siku ya kwanza niligonga tu yale makopo yaliyofungwa kwenye kamba kutishia ndege, na heshima zangu zote. Ndege walinitazama vile wanafunzi wanavyomtazama mwalimu wa zamu wakishajua ni mpole.

"Wewe, hao hawana adabu," shangazi akaniambia kutoka chini, akichoma muhindi. "Wagombeze."

"Niwagombeze nini?"

"Chochote. Ndege hawapeleki maneno."

Basi nikafungua mdomo. Nilianza na wale ndege, lakini baada ya muda sijui ilikuwaje, nikajikuta nawagombeza wakubwa wa Garsen, kisha kamati ya shule isiyokutana, kisha mto wenyewe. Nilipiga kelele kwamba wasichana wangu wanapotea kwa sababu ya shimo la choo. Nilipiga kelele kwamba nimechoka, kwamba nina barua mfukoni na Jumatatu naipeleka. Ndege waliruka wote. Nilishuka koo likiwasha na mabega yakiwa mepesi, nikala mahindi matatu.

"Umemaliza, au kuna ndege wengine?" shangazi akaniuliza.

Kulikuwa na wengine. Nilirudi jioni nne mfululizo, na ya mwisho ilikuwa Jumapili. Naukumbuka bado ule moshi wa muhindi, harufu ya tope linalokauka, na makopo yakilia kwenye kamba kila upepo ulipopita. Sijawahi tena kuwa na jioni kama zile.

Jumatatu asubuhi nilifika shuleni na barua yangu, tayari kwa safari. Uwanjani palijaa watu. Wanaume walikuwa na majembe, sururu na miti ya kujengea. Wanawake wamebeba makuti na sufuria za chai. Mzee mmoja, ambaye shamba lake limepakana na la shangazi, alinipa mkono.

"Mwalimu, tumekuja kwa hiyo mambo ya choo," akasema. Kisha akashusha sauti. "Hiyo ya barua sisi hatutasema. Hiyo ni yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Bonde zima lilikuwa limenisikia. Lile bonde ni tambarare, na jioni upepo ukitulia, sauti husafiri juu ya mpunga mpaka dungu la mwisho. Mimi niliyezaliwa pale nilijua hilo tangu utoto, na hasira zilinisahaulisha.

Walichimba siku tatu. Jioni ya kwanza nilimfuata shangazi shambani kumlalamikia kwamba amenivunjia heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kumenya muhindi.

"La pembeni lina kivuli na halisikiki," akasema. "Ungetaka kukaa na shida yako peke yako, ningekupandisha lile."

Kisha akanyoosha mkono. Nikampa barua. Aliifunga kwenye kamba ya makopo, ikapepea juu ya mpunga mpaka mavuno, na sijui kama kuna ndege aliyeiogopa.

Sasa nina shule kubwa Garsen na ofisi yenye feni. Nimehudhuria semina za viongozi ambako tunafundishwa kuvuta pumzi na kuhesabu mpaka kumi. Navuta, nahesabu. Lakini shangazi alituacha mwaka jana, na kwa miezi mingi nilikaa wima na shati langu la pasi, nikiwashukuru wanaonipa pole.

Majira ya ndege yalipofika, nilikwenda Kulesa. Binti yake ndiye anayelima pale sasa. Nilipanda dungu la kati na kugonga makopo kidogo. Halafu nikapiga kelele kwamba namlilia shangazi yangu, kwamba sina tena mtu wa kuniuliza kama nimemaliza.

Mashamba ya jirani yote yakanyamaza. Makopo yao yakanyamaza pia. Mwaka ule wa mafuriko hakuna aliyewahi kunijibu kutoka kule. Safari hii sauti ya mtu mzima ilitoka upande wa mto, bila haraka.

"Tumesikia, Mwalimu. Endelea."