Mtaa Ulionyamaza kwa Ajili ya Evelio

Evelio Pedroso alishuka kwenye basi asubuhi akiwa amechoka tayari. Kutoka Calabazar, pembezoni mwa Havana, hadi kwetu Los Sitios si mbali, lakini alikuwa amesimama njia nzima, na magoti yake, yaliyokwisha kupanda nguzo za umeme miaka mingi, hayakupenda tena kusimama. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, kola imekunjika upande mmoja, na mkononi alishika mfuko wa kitambaa wenye maparachichi mawili.

Alikuja kuamua. Miaka ile kwetu Havana nyumba haikuuzwa, ilibadilishwa kwa nyumba nyingine, na mwenye akili hakutosheka kukagua kuta na bomba. Alishinda mtaani kutwa, peke yake, akitembea polepole, ajue atakuja kuishi na watu wa namna gani. Evelio alikuwa na nyumba ndogo yenye ua na mparachichi. Nieves Carbonell, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, alikuwa na chumba kimoja na roshani. Walikutana Jumapili moja barabara ya Prado, pale wanapokusanyika watu wenye vipande vya kadibodi shingoni, kila mtu ameandika alicho nacho na anachokitaka.

Alichokitaka Evelio hasa nilikuja kukisikia baadaye kutoka kinywani mwake. Mkewe, Amparo, alikuwa amekufa, na ule ulikuwa mwaka wa pili. Alikuwa mwanamke wa maneno. Alisema na kuku, alisema na sufuria, aligombana na redio. Baada yake nyumba ilinyamaza mno, hata Evelio akawa anaacha bomba livuje usiku makusudi, beseni chini yake, apate kitu cha kusikiliza. Tangu mazishi hakulala usingizi wa maana. Alikuwa anatafuta kelele za watu.

Sisi hatukulijua hilo. Tulichojua ni kwamba Nieves alifanya kazi ya usiku katika ofisi ya simu, na kwamba kwa miaka mingi alijaribu kulala mchana juu ya mtaa wetu akashindwa. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Jioni ya kuamkia siku ile alipita mlango kwa mlango.

"Majirani, nawaomba siku moja tu. Mtu huyu akisikia mnavyoishi, atakimbia."

"Kwani tunaishije?" aliuliza Migdalia wa ghorofa ya pili, kwa sauti iliyofika hadi kona ya mtaa.

"Hivyo hivyo, shoga."

Tulimwonea huruma, tukakubali.

Kwa hiyo asubuhi ile jogoo wa Migdalia alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake. Watoto walipelekwa kwenye ukuta wa baharini. Muuza mkate alipita bila kupuliza filimbi, na nusu ya mtaa ikakosa mkate. Obdulio na wenzake walitandika blanketi juu ya meza ya dhumna, wakawa wanaweka kete kama mtu anayepanga mayai.

Nieves alimpokea Evelio akamwonyesha chumba. Bomba lilitoa maji. Dari lilikuwa na doa moja, naye hakulificha. Kisha akamwambia, "Zunguka kaka, tazama mtaa, mimi najilaza kidogo. Nilikuwa zamu." Evelio akashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, akipumzika kila ghorofa.

Alianza na mtaa wetu. Akapita mbele ya mlango wangu, akanisalimia, nikaitikia kwa kichwa. Mama wa kahawa alimnong'oneza dirishani, "Kahawa, mzee?" kama mtu anayeuza mali ya wizi. Akanywa amesimama, akiangalia juu na chini. Roshani zilijaa nguo zilizoanikwa na watu walioegemea vyuma vyake, wote wakimtazama, hakuna anayesema.

Akafika kwa wacheza dhumna.

"Kuna msiba hapa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa," alisema Obdulio. "Bado."

"Naona hampigi meza."

"Tunapiga, mzee. Tunapiga kwa adabu."

Mwenzake alikohoa ili asicheke. Evelio akaenda zake.

Mtaa wa pili ulikuwa kitu kingine. Mbele ya duka la nyama palikuwa na foleni isiyo na umbo, kila anayefika akiuliza nani wa mwisho, kisha anakwenda kukaa kivulini akijua yuko nyuma ya nani. Wanawake wawili walikuwa wanagombea nafasi.

"Mimi niko nyuma ya yule wa kofia."

"Wa kofia ameshakwenda kwake kula, mama. Mfuate ukale naye."

Evelio hakuwa na shida ya nyama, lakini aliuliza nani wa mwisho, akajibiwa, akakaa kwenye kizingiti katika foleni ya kitu asichokihitaji. Alikaa hapo muda mrefu. Mtu wa mkokoteni alipita akitangaza vitunguu. Kinyozi alikuwa anamtukana mteja wake kwa mapenzi. Kijana alimuuliza mama mmoja kama nyama hiyo ilikuwa ya ng'ombe au ya mjomba wake. Zamu yake ilipokaribia, Evelio alimwachia aliyekuwa nyuma yake, akainuka taratibu. Jua lilikuwa limekuwa kali na miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu.

Aliniambia kwamba hapo ndipo alipochoka kweli. Mitaa yote ya pande zile ilikuwa hai, na chumba alichopewa kipo katika ule mmoja uliokufa. Alirudi kwetu alasiri akapita tena katikati ya kimya chetu, na safari hii hakutazama juu. Aliona watu waliochoka kama yeye. Abadilishe kimya chenye mparachichi kwa kimya chenye ngazi?

Alipanda hadi ghorofa ya tatu amwambie Nieves mwenyewe. Akabisha. Akabisha tena. Hakuitikiwa, kwa sababu Nieves, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya usiku, alikuwa amelala mchana, na amelala kabisa. Evelio aliweka maparachichi mlangoni, akashuka.

"Bwana," aliniambia, "mwambie namshukuru sana. Lakini hapana."

"Mtaa haukukupendeza?"

"Mtaa ni wa watu wema. Nimechoka tu."

Nilimtazama akienda kona ya kituo cha basi, mgongo umepinda. Nilikuwa na jibu mdomoni na sikujua nilipeleke vipi. Huko juu mtu amelala usingizi alioulilia miaka, na mimi nimwamshe kwa neno hilo?

"Ameondoka?" Migdalia aliuliza toka juu, kwa kunong'ona.

"Ameondoka," nilisema.

Sikupata nafasi ya kusema zaidi. Obdulio aling'oa blanketi, akabamiza kete mezani kwa nguvu za siku nzima. Migdalia akamwita mwanawe kwa majina yake yote. Redio tatu zilifunguliwa kwa pamoja, kila moja na wimbo wake. Lázaro wa uani akaondoa shuka alilofunikia ngoma yake. Watoto walikuwa wanarudi kutoka baharini wakiwa wamelowa, na muuza mkate alirudi kupuliza filimbi ambayo alikuwa amejinyima.

"Umeficha kete ya mbili-mbili tangu asubuhi, mwizi wewe!"

"Nilikuwa naiwekea adabu!"

Evelio alikuwa kituoni, basi halijaja. Alisikia mlipuko ule akadhani roshani imeanguka, kama zinavyoanguka nyumba zetu za zamani. Akarudi mbio, yaani mbio za mtu wa magoti yale. Alipotokea kona, Obdulio alikuwa ameinua kete juu. Mkono ukabaki hewani. Redio zikazimwa moja baada ya nyingine.

"Nani ameumia?" Evelio aliuliza akihema.

Migdalia akaegemea chuma cha roshani.

"Hakuna aliyeumia, mzee. Ndivyo tulivyo. Leo tulifungwa midomo kwa ajili yako, na mimi kichwa kinaniuma."

Evelio alimtazama, akatazama blanketi lililokuwa chini, akamtazama Obdulio.

"Kila siku?"

"Jumapili huzidi," alisema Obdulio kwa huzuni.

Evelio alinigeukia. "Ulishamwambia?"

"Bado. Amelala."

"Basi usimwambie."

Hakuwa amelala tena. Nieves alikuwa ametokea kwenye roshani, nywele zimevurugika, akamwona mgeni wake amesimama katikati ya yote yale. Akajifunika uso kwa mikono miwili. Evelio akamwashiria angoje, akaanza kupanda ngazi zile kwa mara ya tatu, na mimi nikamfuata kwa sababu niliogopa ataanguka.

Nieves alikuwa mlangoni, maparachichi mkononi.

"Najua," alisema. "Usinipe sababu. Nimechoka na sababu."

"Kwangu ukilala, utasikia bomba linavuja," Evelio alisema. "Ni mimi niliyeliacha hivyo. Lifunge tu." Kisha akaomba kiti.

Nieves alimpa kile cha kuegemea cha roshani, akaingia kuweka kahawa. Chini Obdulio alikuwa ameanza kwa uangalifu, akaona hakuna anayemzuia, akaendelea kwa haki yake. Lázaro naye akashika ngoma. Nieves alitoka na vikombe viwili vidogo akasimama.

Evelio alikuwa amelala. Kichwa kimeanguka upande wa kola iliyokunjika, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani, na kete za dhumna zikimlilia chini ya miguu.

"Nimwamshe?" Nieves aliniuliza.

Nikatikisa kichwa. Aliketi kwenye kizingiti akiwa amevishika vikombe vyote viwili, akamtazama mtu aliyelala katika kelele zile, hadi kahawa ikapoa na muda wa kwenda zamu ukafika.