Vidole Vilivyoliwa na Jiwe

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyokwenda kuandikishwa kitambulisho hapa Tabaka. Karani alinipaka wino, akakandamiza vidole vyangu kwenye karatasi. Yakatoka madoa matupu, bila mstari hata mmoja. Nilikuwa nimesugua vinyago vya mawe kwa msasa na maji tangu nilipoacha shule darasa la tatu, na jiwe lilikuwa limenilipiza.

“Sasa wewe nikuandike nani?” karani akauliza.

“Mwandike jiwe, aende!” mtu akapaza sauti kwenye foleni. Wakacheka mpaka wakashikana.

Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho. Nikamwambia karani abaki na karatasi yake. Lakini bila kitambulisho nisingeweza kwenda kuuza vinyago Nairobi, na hapa madalali walikuwa wakininyonya. Mzee Ombati, jirani aliyenifundisha kuchonga, akanishika shati pale mlangoni.

“Unamkasirikia nani? Karani hakukuzaa. Sisi ndio tunakujua, na Nairobi hatutakuwepo kukutambulisha. Pumzisha hivyo vidole, urudi.”

“Na kazi je, Baba?”

“Kazi nitasugua mimi.”

Akasugua kweli. Mzee mzima, kila jioni baada ya kazi yake mwenyewe, ameinama juu ya karai langu, na mimi nimekaa kando najipaka samli mikononi kama bibi harusi. Mistari ikarudi. Nikapata kitambulisho, na nyumba hii unayolala ilitoka kwenye safari zile.

Jana kwenye baraza la chifu mlizozana juu ya namba mpya ya utambulisho ya kila mtu. Wewe ulisema serikali inataka kutuchungulia hadi chumbani. Wengine wakasema namba itamaliza foleni. Mimi naitaka, sikufichi. Lakini hakuna aliyeuliza habari ya mtu ambaye mashine ya alama za vidole haimsomi. Mama yako, naye msuguaji wa mawe kama nilivyokuwa mimi, alikuwa amekaa palepale, amefumbata mikono. Mashine ilimkataa Jumatatu, na sasa anaogopa hospitali itamdai namba ndipo apewe dawa ya presha. Hakukwambia, maana ulikuwa unapiga kelele.

Pinga ukitaka, una haki, na maswali yako yana maana. Ila baraza likikaa tena, simama uulize la mama yako kwanza. Na kuanzia leo jioni, karai lake ni lako. Msasa uko pale dirishani.

Mungu ailinde mikono yako, mwanangu, na siku itakapochoka, akupe wa kukusugulia.