Chuma Juu ya Chuma

Likizo yangu ya kwanza kutoka chuo kikuu cha Leopoldville niliitumia kuuliza maswali ambayo hakuna mtu kijijini kwetu Kingi aliyeyahitaji. Kwa nini katekista aanze sala kwa Kilatini ambacho yeye mwenyewe hakielewi? Kwa nini mgeni apewe maziwa kabla ya kuulizwa kama ana kiu? Mama alivumilia juma moja. Kisha akamwambia baba, nami nikisikia: "Uyu mutoto tulimutuma asome. Sasa amerudi, hajui tena kukaa."

Ni kweli sikujua kukaa. Nilitoka mlangoni hadi zizini, nikarudi, nikafungua kitabu, nikakifunga. Milima ilikuwa palepale nilipoiacha, mibichi, na ng'ombe wakiwa wamebandikwa juu yake, na jambo hilo lilinikera kana kwamba mtu alikuwa amelifanya makusudi.

Baba alikuwa shoferi. Aliendesha jeep ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa na ng'ombe wa maziwa, na watu wote kati ya Kingi na Masisi walimwita Papa Shoferi, hata wale waliojua jina lake la ubatizo. Mwaka ule bwana wake alikuwa Ulaya kwa mapumziko marefu, na jeep ililala kwetu, chini ya paa la nyasi ambalo baba alilijenga mwenyewe. Kisha barua ikaja. Mimi ndiye niliyemsomea, mara mbili, kwa sababu alitaka nirudie. Bwana aliandika kwamba amepata kijana wa Bukavu mwenye cheti cha udereva na ufundi. Yeye akirudi kutoka Ulaya, baba atampeleka Walikale, na baada ya safari hiyo bwana ataamua nani ashike usukani.

Baba alikunja barua, akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Magurudumu yameota kutu. Tutayapakaza."

"Rangi ya magurudumu itamwonyesha nini, Papa?"

"Muntu anaangalia kwanza miguu ya mugeni. Lete majani ya msasa."

Tulifanya kazi siku tatu. Baba aliinua gari kwa kirike, yaani jeki, akavua gurudumu moja moja, akalilaza juu ya magunia. Mimi nilisugua kutu kwa mchanga, kisha kwa majani ya msasa, yale yenye ulimi mkali kuliko wa ng'ombe, mpaka chuma kikang'aa na vidole vyangu vikatoka ngozi. Rangi ilikuwa nyeupe ya maziwa, iliyobaki kwenye kopo baada ya kupakaza madirisha ya nyumba ya bwana.

Baba alikuwa na sheria zake. Tuanze na gurudumu la mbele la kuume. Mwanamke mwenye mimba asiruke kirike. Mtu asipige mluzi rangi ikiwa mbichi. Na moja tena. Janti, yaani chuma kinachobeba mpira, ina matundu matano, na kila tundu lina ukingo ulioinama kama kikombe kidogo. Hapo ndipo buloni, zile nati za gurudumu, hukaa zinapokazwa. "Apo usipakaze," alisema. "Wala nyuma, pale janti inagusa gari. Chuma inakaa juu ya chuma."

"Sababu gani?"

"Njo vile nilifundishwa."

"Na aliyekufundisha, alikuambia sababu?"

Alichovya brashi. "Siku moja utauliza ugali sababu yake, na njaa itakujibu."

Mama, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, alicheka hadi akashika mbavu. Mimi sikucheka. Niliona sheria nne zimekaa kwenye mstari mmoja, mluzi na mimba na matundu, na kwangu zote zilikuwa za ukoo mmoja.

Siku ya tatu baba aliitwa kanisani kwa kikao cha wazee. Yalibaki magurudumu mawili ya nyuma. Nilipaka la kwanza kama alivyoagiza, nikalitazama. Matundu yale meusi matano katika weupe wote ule yalionekana kama meno yaliyooza. Nikachovya brashi, nikayajaza. Nilipaka mara mbili, na nyuma pia, la pili vilevile, na nikapiga mluzi. Jioni baba aliporudi rangi ilikuwa imekauka na nilikuwa nimeshayarudisha magurudumu yote mahali pake na kuzikaza buloni kwa nguvu zangu zote. Buloni zilificha kila kitu. Alizunguka gari lake, akasema tu, "Umeharakisha."

Nilikuwa na kosa jingine, na hili sikulifanya kwa brashi. Kila safari baba alikuwa na desturi ya kusimama baada ya daraja la kwanza la magogo, kushuka na ufunguo wake mkubwa wa kukazia, na kujaribu buloni moja moja, akizigusa kama mtu anayehesabu watoto wake. Nilimwambia: "Ukisimama vile mbele ya bwana, atakuona umezeeka. Yule wa Bukavu hatasimama." Aliacha kula, akawa anatazama nje.

Bwana alirudi, akatazama magurudumu meupe, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kesho yake tukaondoka. Nilikuwa nyuma, na jibini, sufuria na gunia la maharagwe ambavyo mama alimtumia dada yangu aliyeolewa Walikale. Asubuhi ilikuwa na ukungu. Tulipita Masisi, tukashika njia ya Nyabiondo, na daraja la kwanza likaja. Magogo yalilia chini yetu. Tukavuka. Nilisubiri mguu wa baba uguse breki.

Haukugusa.

Niliona shingo yake tu, imenyooka kama ya kijana. Alinisikiliza. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimetamani mtu mmoja tu wa kwetu anisikilize, na sasa alikuwa amenisikiliza.

Baada ya hapo sikuweza kutulia. Barabara ilishuka na kupinda, mlima huku, bonde kule. Nikaanza kusikia sauti chini yangu, upande wa kushoto, tik, tik, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Nikajiambia ni mawe. Nikajiambia ni sufuria ya dada. Niliorodhesha sababu zote zinazowezekana, kama nilivyofundishwa, na zote zilikuwa nzuri, na sauti iliendelea.

"Papa, simama."

"Tunashuka. Ngoja."

"Papa, simama. Nilipakaza matundu."

Hakuuliza matundu gani. Alisimamisha gari polepole sana, akilipeleka kwenye ukingo wa mlima kama unavyompeleka mgonjwa kitandani. Gurudumu la nyuma la kushoto: buloni mbili zilitoka kwa vidole. Tatu zilizobaki zilicheza. Chini ya kila moja rangi yangu ilikuwa imesagika, laini kama siagi, na mahali ilipokuwa palikuwa wazi, na katika uwazi ule buloni ilikuwa imeanza kutembea. Hapo ndipo nilipoijua sababu. Ilikuwa rahisi. Mtoto wa darasa la kwanza angeielewa, kama angepewa gurudumu badala ya kitabu.

Baba aliinua gari, akavua magurudumu yote mawili ya nyuma, akaanza kukwangua matundu kwa kisu. Nilitaka kumsaidia. Aliuondoa mkono wangu bila hasira.

Bwana alivuta sigara akitazama. Aliniuliza kwa Kifaransa nani alipaka. Nikasema ni mimi, na kwamba baba alinikataza. Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia baba na kumwambia kwa Kiswahili chake: "Zamani kila siku wewe nasimama kwa daraja. Leo hapana simama. Kwa nini?"

Baba aliendelea kukwangua. "Nilisikia haya, Bwana."

"Haya ya nini?"

Angeweza kunitaja. Kisu kilizunguka tundu, kikazunguka tena.

Tulifika Walikale salama, tukarudi salama, baba akisimama kwenye kila daraja sasa, hata yale yasiyohitaji. Magurudumu ya nyuma yalikuwa na mikwaruzo ambayo mtu angeiona toka mbali. Bwana hakusema neno juu ya barua. Nilirudi chuoni nikiamini yamekwisha.

Baada ya miezi miwili katekista aliniandikia kwa niaba ya baba. Kijana wa Bukavu amekuja. Baba sasa anatunza ghala la maziwa, yuko mzima, mama anasalimu. Nilisoma mistari ile nikitafuta lawama ili nipate cha kujibishana nacho, sikuipata. Hata leo sijui kama ni rangi yangu, au daraja, au kama bwana alikuwa ameshaamua huko Ulaya kabla hajapanda ndege. Nimelipindua swali hilo kila upande. Na jingine linanisumbua zaidi: kati ya sheria zake nne moja ilikuwa kweli, na nikiwa nimesimama pale na brashi mkononi, ningeijuaje?

Mwisho wa barua palikuwa na ombi. Shoferi mpya anataka kupaka magurudumu upya ili kuifuta mikwaruzo. Baba amemwambia aache matundu, naye ameuliza sababu. "Papa yako anasema: wewe unaijua. Andika, nimupe uyu kijana asome."

Nilijaza kurasa mbili, na mchoro. Nilizisoma, nikaona kijana yule atachoka kabla ya kufika chini. Nikazichana, nikachukua karatasi nyingine, nikaandika kwamba rangi ni laini, husagika, na buloni hubaki bila kitu cha kushika. Kisha, chini yake, nikaandika maneno ya baba kama alivyoyasema, "Chuma inakaa juu ya chuma," na kwamba ni yeye aliyeyasema kwanza.