Jina la Nyanya Kwenye Salamu

Tulipanda ndege tatu kutoka Kisumu hadi Columbus, baba alikokuwa akisoma. Kompyuta yake ilinuka vumbi lililopata moto. Kila mwezi mama alinitamkia barua ya kutuma nyumbani nami nikaichapa. Orodha ya salamu ilibaki ileile, nyanya akiwa wa kwanza.

Alasiri moja mama alisema, "Futa jina la nyanya."

Nilidhani wamekosana. Nikafuta, na majina ya chini yakapanda yenyewe, yakaziba nafasi yake.

"Mama, ona! Kama hajawahi kuwepo!"

Mama alitoka nje kwenye theluji bila koti.

"Nyanya alizikwa jana," baba aliniambia.

Juzi, siku niliyohama kabisa Buffalo, mji nilioishi ukubwani, nilifuta namba ya marehemu mama kwenye simu. Majina yakapanda. Kabla basi halijaondoka, niliiandika namba upya, kwa kukumbuka tu.