Viatu vya Madhu Mlangoni Athene

Zamani mtu alivua viatu hata mlangoni kwa jirani. Siku hizi wajukuu zetu hapa London wanapanda navyo kitandani. Rafiki yangu Madhu, muuza vitambaa wa mtaa wa Wembley aliyezaliwa Unguja, hakubadilika. Tulipotembelea Athene alivua viatu mlangoni mwa makumbusho, maana ndani mna sanamu za miungu. Mlinzi akamzuia: haingii mtu peku.

“Vaa basi, bwana wee! Tumekuja Ugiriki kukaa ngazini?” mkewe Sushila akafoka.

“Niingie na viatu nyumbani kwa miungu ya watu? Siwezi!”

Sushila akavua viatu vyake naye, akatoa mkobani soksi nene, jozi mbili, yake na ya mumewe. Mlinzi akacheka, akawapisha. Mimi nikabaki nje kulinda viatu.

Walitoka jioni, soksi nyeusi tii kwa vumbi la sakafu, wakichekana. Ilikuwa safari yetu ya kuagana: kesho yake walipanda ndege kuhamia Kanada kwa binti yao. Sijawaona tena.