Niliwawekea wavu uwanjani Chome, nikaung'oa mwenyewe

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, hakuna chai hapa. Anayebisha apande Chome akaulize, nauli juu yake.

Kwa wasionijua: nimecheza namba sita ligi kuu misimu tisa, bila kubebwa na mtu. Goti lilipogoma nikasoma diploma ya ukocha. Sasa nimerudi nyumbani, nimejenga, na timu ya mabinti ya kijiji naifundisha bure. Sijisifu, natoa taarifa.

Uwanja wetu upande mmoja ni migomba, upande wa pili ni bonde. Mpira ukitoka upande huo wa bonde unaishia mtoni. Sheria ni ile ile ya utoto wangu: aliyepiga ndiye anayeshuka kuufuata. Wengine mnakaa mnamsubiri.

Nikaona huu ni ushamba. Nikanunua nyavu za wavuvi kule ziwa Jipe, nikaziunga. Kijiji kikaitisha msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, nguzo zikasimama upande wote wa bonde. Dada yangu akapika makande ya watu wote. Mwenyekiti akahutubia hadi makande yakapoa.

Mwezi haujaisha, timu ikaharibika.

Mabinti wakaanza kubutua. Mpira ukija, pu, wavuni. Hata mpwa wangu Nakiete, beki wetu bora. Na kocha wa timu moja ya wanawake ya Dar alikuwa anakuja Same mjini kumwangalia yeye. Shule amemaliza. Akikosa hiyo nafasi, anarudi kulima tangawizi.

Nikajiuliza mimi nani alinifundisha kutulia na mpira. Hakuna. Nilikuwa naogopa kupanda lile bonde.

Asubuhi nikaung'oa wavu peke yangu.

Dada akaja juu. "Kaka, watu wameacha mashamba yao kuchimbia nguzo, leo unang'oa? Hiyo diploma walikupa au uliiokota?"

Nikamjibu ipo sebuleni, ina fremu, akaisome.

Nakiete aliacha kuniongelesha. Wiki ile alishuka bondeni mpaka viatu vikafumuka, na kila akirudi na mpira ananipita kama nguzo.

Siku ya mechi, Same: uwanja tambarare, vumbi, jua la kukaanga. Tunacheza na Lembeni, tunaongoza moja bila. Dakika za mwisho washambuliaji wawili wakambana Nakiete pembeni kabisa, kwenye mstari. Mashabiki wetu wote wakasimama, dada yangu mbele yao:

"Butua! Butua wewe mtoto!"

Hakubutua. Akaukanyaga mpira, akageuka, akawaacha wale wawili wanatazamana, akapiga pasi ya chini kwa kiungo.

Kocha wa Dar akaniuliza anaitwa nani.

Baadaye nikamuuliza Nakiete: hukumsikia mama yako?

"Nilimsikia, mjomba. Nilisahau kwamba Same hakuna bonde."

Yuko Dar sasa, amesajiliwa. Wavu upo kwa dada, unazuia kuku wasiingie kwenye kabichi. Diploma bado anasema niliiokota.

Nilichojifunza: ukirudi nyumbani na hela na vyeti, kabla hujarekebisha kitu, angalia kwanza kama si hicho kilichokutoa.

Uwanja ni wenu wakuu. Hasa mliokulia milimani: kwenu mpira ulikuwa unaishia wapi?