Moshi wa Bi Swabaha

Nasipwondi alikuwa mtu wa maombi, na hilo hakuna aliyelibisha. Kanisani kwao Makupa, mtu akipatwa na jambo asilolielewa, ndoto mbaya au ndoa iliyoingia baridi, aliambiwa aende kwa Mama Mbeyu, kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, akaombewe. Walisema ana karama ya kuzitambua roho. Yeye hakujisifu, lakini wakisema hivyo alinyamaza, na moyoni alifurahi.

Kwao ni Bungoma. Mombasa aliletwa na ndoa. Mumewe, Kiti, aliendesha malori ya mizigo kutoka Shimanzi kwenda bara, na nyumba yao ya Majengo alikuwa akiiingia kama mgeni. Nasipwondi, aliyejua cherehani tangu usichana, alipata kazi Mji wa Kale, katika duka la madera la Bi Swabaha, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu.

Bi Swabaha alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, wa ukoo wa Kiarabu uliokaa mji huo tangu zama za mababu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alitia udi kwenye chetezo akakizungusha pembe zote, hata chini ya meza ya cherehani. Mwanzoni ule moshi ulimpigisha Nasipwondi chafya. Baadaye aliuzoea, na nguo zake zikawa zinanukia udi hata kanisani. Bi Swabaha akiswali adhuhuri, cherehani ilinyamaza. Krismasi sinia la biriani lilifika Majengo. Siku ya Idi, Nasipwondi alikuwa jikoni kwa Bi Swabaha tangu alfajiri, akimenya vitunguu na kutokwa na machozi huku wakicheka.

Mbeyu, mtoto pekee wa Nasipwondi, alikulia dukani humo. Akitoka shule alikuta kawekewa mahamri na mbaazi, akashiba, akalala mkekani kati ya vipande vya vitambaa.

Hapo mkekani ndipo alipoanguka mara ya kwanza. Mwili ulimkakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Nasipwondi alisimama akipiga kelele kwa jina la Yesu. Bi Swabaha alisogeza mkasi uliokuwa karibu, akamlaza mtoto ubavu, akamfungua kifungo cha shingoni, akamshika kichwa mpaka akatulia.

"Usitishike, mwanangu," alimwambia Nasipwondi. "Nduyangu Salem, Mungu amrehemu, alikuwa nayo haya. Ni maradhi, na yana dawa. Kesho twende hospitali, mimi nawe."

Walikwenda. Daktari alisema ni kifafa, akaandika vidonge vya kumezwa kila siku bila kukosa. Mbeyu hakuanguka tena. Alikuwa mzito kidogo asubuhi, na mwalimu alilalamika kuwa anasinzia darasani, basi.

Kisha ikaja ile sauti. Mama mmoja wa kikundi cha maombi aliituma kwenye simu, na Nasipwondi akatia waya masikioni akaisikiliza huku akishona. Alikuwa mhubiri asiyemjua, wa mji asioujua, anayesema kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto. Hakuomba sadaka wala hakuuza mafuta. Hilo ndilo lililomponza Nasipwondi. Siku zote alikuwa akiwaonya wenzake juu ya manabii wachuuzi, na kwa kuwa huyu hakuchuuza kitu, alimhesabu kuwa wa Mungu.

"Adui yuko karibu nawe, na anakuchekea," sauti ilisema. "Tazama nani anamlisha mwanao. Tazama moshi wa nani unaingia kifuani mwake. Na ukitibu kwa vidonge jambo lisilo ugonjwa, umemfunga mwanao mara ya pili."

Mguu wa Nasipwondi ulisimama juu ya kanyagio. Aliinua macho. Bi Swabaha alikuwa ameketi mlangoni akichambua mbaazi, moshi wa udi ukipita nyuma ya kichwa chake.

"Kuna nini, Mama Mbeyu?"

"Hakuna kitu, Bi Swabaha."

Kazi hakuweza kuiacha, wala hakuwa na pa kumwacha mtoto, lakini tangu siku hiyo Mbeyu alifundishwa kusema ameshiba. Alikaa mkekani akiitazama sahani, tumbo likimnguruma, naye Bi Swabaha akidhani mtoto hajisikii vizuri. Vidonge Nasipwondi alivitupa chooni, akafunga na kuomba. Wiki zikapita bila mtoto kuanguka. Usingizi wa asubuhi uliisha, akachangamka, na mama yake akaona hiyo ndiyo ishara. Kiti alipopiga simu njiani kuuliza kama mtoto anaendelea na dawa, alijibiwa, "Mungu ametenda," naye hakuuliza zaidi. Jumapili Nasipwondi alisimama kutoa ushuhuda: mwanawe alikuwa amefungwa, tena na mkono wa karibu. Jina hakulitaja. Lakini wengi walijua anakofanya kazi, na kanisa zima lilipiga makofi.

Jumamosi moja Bi Swabaha alikuwa akipiga pasi dera la mteja kwa pasi yake ya makaa, Mbeyu kasimama kando ya meza akitazama. Mtoto akaanguka ghafla, na mkono wake ukailalia pasi. Bi Swabaha alimvuta, akakimbilia jagi la maji, akamwagia mkono ule mfululizo, huku akisoma dua.

"Ondoa mikono yako!" Nasipwondi alipiga ukelele. "Moshi wako ndio uliomfunga mwanangu! Nimeshakujua wewe ni nani!"

Watu walitoka madukani. Kichochoro chote kilisikia.

Bi Swabaha alibaki na jagi mkononi. "Mimi?" alisema. "Mimi, Mama Mbeyu?"

Alitoka nje kichwa wazi, bila hata kujitanda mtandio, akasimamisha tuktuk yeye mwenyewe. "Enda mbio, mwanangu," alimhimiza dereva, "mtoto yuwaumwa."

Hospitalini daktari aliuliza mtoto alimeza dawa lini mara ya mwisho. Mbeyu, mkono umefungwa bendeji, ndiye aliyejibu.

"Mama alizitupa."

Mchungaji Gunga wa kanisa lao alikuwa amefika kuwatazama, naye aliyasikia. Daktari alieleza kwamba dawa zile zikiachwa ghafla hali huweza kuwa mbaya kuliko mwanzo, akaandika nyingine. Nasipwondi alitoka akaketi kwenye benchi la ukumbini, na mchungaji akaketi kando yake.

"Nilidhani namtii Mungu," alisema.

"Najua, mama."

"Yule mhubiri wa kwenye simu hakutaka kitu kwangu, Mchungaji. Hata shilingi."

Mchungaji alimgeukia. "Nikuulize. Tangu uanze kumsikiliza, umezidi kuwapenda watu, au umezidi kuwaogopa?"

Nasipwondi alitafuta katika wiki zile zote mtu mmoja ambaye alimpenda zaidi kwa sababu ya sauti ile. Hakumpata. Alimwona Mbeyu akiitazama sahani.

"Yule msafiri wa Injili aliyeachwa njiani nusu mfu," mchungaji aliendelea, "aliyemwinua hakuwa wa dini yake. Kisa hicho tunakihubiri kila mwaka. Na mimi nilikaa kitini nikausikia ushuhuda wako, nikapiga makofi. Sikukuuliza hata neno moja. Bwana atusamehe sote wawili."

Mbeyu alipopata nafuu, Nasipwondi alipanda ngazi za nyumba ya Bi Swabaha, akapiga hodi.

"Karibu. Starehe, keti hapo."

Alioneshwa kiti cha sebuleni. Miaka yote alikuwa akiingia nyumba ile moja kwa moja mpaka jikoni. Siku hiyo aliletewa kahawa na haluwa juu ya sinia, kama wageni wanavyoletewa. Alipiga magoti. Bi Swabaha alimshika mabega akamwinua.

"Nimekusamehe. Wallahi, sina kinyongo nawe. Lakini duka silifungui tena. Watu walisikia, Mama Mbeyu. Nikipita, wako wanaowavuta watoto wao upande wa pili. Nahamia Malindi, kwa Riyadh, mwana wa nduyangu."

"Nitawaambia wote kwamba nilisema uongo. Nitasimama hapo hapo kichochoroni."

"Waambie, ni haki yako kusema. Nami nitakwenda." Alitazama dirishani. "Mimi sikuzaa. Nilikuwa nikijidanganya kuwa yule ni wangu pia."

Nasipwondi alisimama kichochoroni akasema, duka kwa duka. Wengine walimsikiliza kwa adabu, wengine waliendelea kupanga bidhaa zao. Kanisani pia alisimama, na mara hiyo hakuna aliyepiga makofi. Siku hizi anashona nyumbani Majengo. Wanawake bado humtumia sauti na video wakitaka awaambie kama ni za Mungu au si za Mungu, naye huwajibu kwamba hajui, waende kwanza wakamwulize jirani kama ameshinda salama.

Mbeyu humeza dawa zake bila kukosa na haanguki. Kovu limebaki mkononi.

"Mama," huuliza kila shule zinapofungwa, "lini tutakwenda kwa Bi Swabaha?"

"Malindi ni mbali, mwanangu."

Mbeyu amekua kidogo sasa. Anajua kwamba Malindi si mbali. Ukiondoka asubuhi, adhuhuri umefika. Humtazama mama yake, kisha huenda zake nje kucheza.